Tangazo la Edna

Kanisani kwetu Lanham, ukijifungua, Edna ndiye anayepanga nani atakuletea uji siku gani. Ukilazwa, Edna anajua wodi yako kabla ya mchungaji. Ni mzaliwa wa Vihiga, Kenya, ana miaka hamsini na miwili, na kwa miaka kumi na minne amekuwa akiwaosha, akiwalisha na kuwageuza kitandani wazee wa watu katika makao ya kutunzia wazee hapa Maryland, Marekani. Tulimpa ukatibu wa Faraja, kikundi chetu cha kusaidia wagonjwa na wafiwa, kwa sababu hakuwa mtu wa kukosea. Mwenyewe alilijivunia hilo, ingawa hakulisema.

Machi mwaka jana, Mzee Ndirangu alikosa mikutano miwili ya Jumamosi mfululizo. Alikuwa amefiwa na mke zamani, amepanga chumba Bladensburg kwa mama mmoja Mkongo tuliyemjua kama Mama Furaha. Kazi yake kikundini ilikuwa kupanga viti na kuchemsha chai. Alikuwa mpole kiasi kwamba ungeweza kumsahau akiwa amesimama mbele yako. Ijumaa asubuhi Edna alimpigia simu, ikawa imezimwa. Akampigia Mama Furaha.

Edna alikuwa kazini, kwenye korido, amefululiza zamu mbili, na kengele ya mgonjwa ilikuwa ikilia chumba cha tatu.

"Mzee alishatuacha, mama," Mama Furaha akasema kwa sauti nzito. "Tangu jana. Batoto banalia tu."

"Woi! Poleni, mama. Poleni sana." Kengele ikalia tena. "Tutakuja kesho."

Akakata simu. Hakuuliza mzee alikufa kwa nini, wala wapi. Wakati wa chakula cha mchana alijifungia ndani ya gari lake, akalia, kisha akaandika kwenye kundi la Watsapu kwamba mpendwa wetu Mzee Ndirangu amelala katika Bwana, na kwamba tukutane kesho yake saa nane.

Saa nane hiyo ukumbi wa chini ya kanisa ulijaa kuliko siku ya Pasaka. Watu walikuja na masufuria ya githeri ya mahindi na maharagwe, chapati, pilau iliyofunikwa kwa foili. Hatukumtarajia Peterson, mwalimu wa kwaya. Yeye na Ndirangu walikuwa hawasemezani tangu Krismasi, walipokosana juu ya sauti ya spika. Sasa alikuwa ameshika karatasi ya rambirambi, macho mekundu.

"Nilikuwa nangoja aanze yeye kuomba msamaha," akamwambia Edna. "Na kila Jumamosi alikuwa ananiletea chai. Ninaiacha inapoa hapo hapo."

Edna akamshika bega. Akatoka na Mchungaji Mutai kwenda Bladensburg kuuliza habari za mazishi.

Mama Furaha aliwafungulia mlango akiwa na mwiko mkononi. Mchungaji akavua kofia.

"Mama, tumekuja kukupa pole. Tungependa kujua mwili umehifadhiwa wapi."

"Mwili? Mwili ya nani?"

"Wa Mzee Ndirangu."

"Yesu wangu!" Mama Furaha akashika kichwa. "Mzee amekufa? Saa ngapi? Asubuhi ameongea na batoto kwa simu ya binti yake!"

Mchungaji akamgeukia Edna. Edna akasogea mbele. "Lakini mama, si uliniambia ametuacha?"

"Ndiyo, alituacha! Alihamia kwa binti yake kule mjini Columbia. Alibeba masanduku yote."

Edna akakaa kwenye ngazi. Baadaye alituambia kwamba aibu haikuja mara moja. Alichosikia kwanza ni pumzi ikimtoka, kama mtu aliyetua gunia. Mama Furaha akapiga namba ya binti, akampa Edna simu, naye akajitaja huku analia.

"Edna? Mbona unalia, mama?" Ilikuwa sauti yake mzee mwenyewe. "Nani amekufa?"

"Ni wewe, Mzee."

"Mimi?"

"Mimi ndiye niliyetangaza. Nisamehe. Watu wamejaa ukumbini."

"Watu wangapi?"

"Sijui. Viti vimeisha."

"Simu yangu iliharibika, na Jumamosi zile mbili nilikuwa nahamisha vitu," mzee akasema. "Lakini si kweli kwamba ndiyo sababu sikuaga. Niliona nitawasumbua bure. Sasa nakuja huko."

Edna alirudi ukumbini akasimama mbele yetu, koti bado mwilini. "Nimekosea," akasema. "Mzee Ndirangu hajafa. Yuko Columbia, anakuja."

Mama mmoja akapiga kigelegele, na baada ya hapo watu hawakusikilizana. Kuna waliopiga magoti, kuna waliocheka hadi wakajifuta machozi kwa leso za mabegani. Edna akamwambia mchungaji kwamba anaacha ukatibu.

"Huachi kitu," Mchungaji Mutai akasema. "Habari mbaya za kweli umetuletea nyingi, na hatukukufukuza. Hii ya uongo ndiyo tukufukuzie?"

Baada ya saa moja binti alimleta baba yake. Mzee aliingia amevaa tai, anaona haya, hajui mikono aiweke wapi. Peterson alikuwa wa kwanza kumfikia. Wakakumbatiana, na karatasi ikakunjika katikati yao.

"Hiyo ni ya kwangu?" mzee akauliza.

"Ilikuwa ya mazishi."

"Basi isome. Nimekuja kutoka mbali."

Peterson akaisoma yote, na alipofika kwenye chai mzee akamshika mkono.

Edna hakuwa ametia kitu tumboni tangu asubuhi. Alijipakulia githeri na chapati mbili, akaenda kukaa nyuma kabisa, akavua viatu, akala.