Meka ya Mama katika Soko la Tenke

Binamu yangu anayeishi Uingereza alinitumia picha za mji wake. Ni mji mdogo wa nyumba za mawe, na katikati kuna uwanja ambapo watu hupanga meza mara moja kwa juma kuuza jibini na maua. Akaniandikia kwa majivuno kwamba soko lile ni la kale mno, na mfalme fulani ndiye aliyetoa ruhusa lianze. Nilicheka peke yangu, gauni la mteja likiwa bado chini ya sindano ya cherehani. Soko letu la Tenke halikupewa ruhusa na mfalme yeyote. Lilianzishwa na treni kuchelewa.

Ndivyo wazee walivyotueleza. Tenke ni pale reli ya kutoka Dilolo, mpakani na Angola, inapokutana na ile ya kutoka Lubumbashi kwenda kaskazini. Abiria alishuka kwenye treni moja akangoja nyingine, na ile nyingine ilikuja ilipojisikia. Mtu anayengoja ana njaa. Basi wake za wafanyakazi wa reli wakatoka na karanga, viazi vitamu vya kuchemsha, bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, wakaketi kando ya njia. Wa kwanza wengi walikuwa watu wa Kasai, ambao wazazi wao waliletwa huku kufanya kazi ya reli na ya migodi. Kisha wakaja mama wa kaskazini mwa Katanga na samaki wao wakavu. Mvua iliponyesha wakajenga paa moja, halafu la pili, na nyumba zikafuata nyuma ya mapaa. Siku hizi malori ya shaba yanapita kwenye lami bila hata kupunguza mwendo, na treni imekuwa mgeni, lakini soko lipo palepale na watu wake wana tabia ileile ya stesheni. Mtu wa Tenke hakuulizi unakwenda wapi. Anakuuliza kama umekula.

Mama yangu aliuza bunga, unga wa mahindi. Unga kwetu hupimwa kwa meka, kopo la bati ambalo kila muuzaji analo. Unajaza, unasawazisha kwa kiganja, kisha juu yake unatupia konzi moja ya bure: matabishi. Katanga nzima inajua matabishi, sikatai, lakini kwingine mnunuzi anaomba, ananuna, anatishia kwenda meza ya pili. Tenke hakuna kuomba. Muuzaji anayengoja aombwe ameshajiaibisha. Nilipokuwa mdogo niliona ni upumbavu mtupu, nikamuuliza mama kwa nini anamwongezea abiria ambaye hatamwona tena mpaka kiama. Akanijibu kwamba huyo ndiye hasa wa kuongezewa, maana jina letu atafika nalo Dilolo.

Meka yake aliitengeneza baba yangu, aliyekuwa fundi wa reli, kwa kopo la mafuta, na mshono wake ulikuwa umepinda kwa sababu baba alikuwa fundi wa vyuma vikubwa, si wa vikopo. Baba alipofariki, mama alibaki na sisi wawili, mimi na mdogo wangu, meka ile, na jirani wa meza.

Lazima nieleze habari za huyu jirani. Ni mama wa kaskazini, mfupi, mdomo mkali, muuza samaki. Ule mwaka ambapo watu wa Kasai, nasi tukiwa miongoni mwao, walifukuzwa Katanga, stesheni ikajaa familia zilizolala juu ya mizigo yao, mama alijifungia ndani nasi. Jirani alisogeza meza ya mama ikagusana na yake, akaketi katikati, na kila aliyekuja kuuliza meza ya Mkasai iko wapi alijibiwa kwamba zote mbili ni zake. Hakuwahi kujisifu kwa hilo. Mimi nilijua kwa sababu nilichungulia. Jirani mwema ni bora kuliko ndugu wa mbali, wanasema, nami nasema huyu alikuwa bora kuliko hata ndugu wa karibu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa mama, alikwenda kuchimba madini kwenye mgodi wa Mashamba. Mvua ilikuwa imenyesha, na udongo ulimwangukia. Nilitoka Kolwezi, ambako ninashona nguo, tukamzika, watu wakalala kilioni, wakatawanyika. Mama akaketi kwenye kiti akiangalia ukuta, na hapo akaganda kama saa iliyosimama.

Hakulia. Hilo ndilo lililonitisha. Jioni aliweka maji ya kuoga juu ya jiko la makaa, kama alivyozoea kumwekea kijana arudipo na vumbi lake. Nikimuuliza ni ya nani, alijibu taratibu, "Eko ku kazi." Maji yalipoa, nikayamwaga. Kesho yake aliweka tena. Chakula alikigusa tu kwa heshima yangu. Shingo yake ilikonda mpaka kitambaa cha kichwa kikaonekana kikubwa. Niliogopa, jamani. Niliogopa kwamba nitarudi tena makaburini kabla udongo wa mdogo wangu haujakauka.

Nilifikiria kumchukua kwangu Kolwezi, lakini nilijua angebadilisha ukuta tu. Dawa ilikuwa sokoni. Na soko lina desturi yake. Muuzaji aliyefiwa anaporudi, meza yake hufunguliwa: anasimama nyuma yake, anatamka kwa sauti nani amemfia, kisha kila muuzaji analeta konzi ya anachouza na kuiweka pale. Siku hiyo ya kwanza anauza vya wenzake. Ila lazima aje kwa miguu yake mwenyewe. Haitwi, habembelezwi. Inaaminiwa kwamba aliyekokotwa huja na maiti wake sokoni.

Mimi ni mtu wa hasira, na hasira yangu haina adabu mbele ya desturi. Nilikwenda kwa jirani nikamwambia aje anisaidie kumvuta mama, tukambebe hata na kiti chake kama ikibidi. Alikuwa anapanga samaki. Hakuacha kupanga.

"Ukimuvuta, atakuya mwili tu," akaniambia. "Roho itabakia mu kiti."

Nilirudi nyumbani nikimtukana moyoni. Lakini tangu siku ile mama za soko walianza kupita kwetu, na kila mmoja alikuwa na sababu. Huyu alikuja kuazima chekecheo. Yule alitaka mtwangio, ingawa wake niliuona ukiwa mzima kabisa uani kwake. Mwingine aliomba chumvi, naye ni muuza chumvi! Hakuna aliyetaja soko. Waliketi kidogo karibu na mama, wakaondoka na vyombo vyetu, nami nikabaki nikipika bila mwiko. Mwisho akaja jirani mwenyewe, akaomba meka.

Hapo nilipandwa na hasira. Muuza samaki anataka meka ya nini? Akasema ameanza kuuza bunga pia, ili wateja wa mama wasipotee. Nilimtolea macho. Mwaka ule mbaya alikalia meza ya mama kumlindia, na leo, niliwaza, anaikalia kuichukua. Nilitaka kukataa, lakini mama, bila kugeuka, alinyoosha kidole kwenye rafu. Jirani akaichukua, akashukuru, akaenda.

Siku chache baadaye maneno yakaota miguu. Alianza mwanamke wa nyumba ya nyuma. Alikuja kumsalimu mama, na katikati ya salamu akasema kwamba bunga ya sokoni siku hizi inapimwa kwa meka ileile ya mama, yenye mshono uliopinda, lakini ikisawazishwa basi, hakuna kinachoongezwa. Mama aliendelea kuangalia ukuta. Vidole vyake, vilivyokuwa vikikunja ncha ya kitenge, vikaacha kukunja.

Kisha akaja katekista wetu. Alisali nasi vizuri, halafu, mguu mmoja ukiwa tayari mlangoni, akalalamika kwamba mkewe amerudi na bunga isiyo na matabishi, na kwamba hata wateja wa samaki wameanza kumkimbia mama yule, wanasema mkono wake umekauka. Nilimuunga mkono kwa nguvu zote. Nilisema maneno juu ya jirani ambayo si ya kusemwa mbele ya katekista.

Aliyemaliza kazi alikuwa fundi mmoja mzee wa reli, aliyefanya kazi na baba. Alitoka safari ya Dilolo. Alivua kofia, akaketi, akamwambia mama kwa huzuni kwamba ndani ya treni amesikia abiria wakionyana.

"Banasema ku Tenke sasa beko banapima kavu, bila matabishi. Na meka ya marehemu."

Mama aligeuza kichwa. Sikuwa nimemwona usoni vizuri tangu mazishi. Macho yake yalikuwa na moto.

"Nani?" akauliza.

Mzee akataja. Mama akainuka, akakaza kitenge kiunoni, akafunga kitambaa upya, akatoka. Mimi nilikuwa bila viatu. Nilimfuata hivyohivyo, na moyo wangu, Mungu anisamehe, ulikuwa unafurahia ugomvi unaokuja.

Jirani alikuwa anampimia mteja mmoja. Alisawazisha unga, akaumimina kwenye mfuko, akafunga mfuko. Kavu kabisa. Mama alifika akampokonya meka mkononi. Alimwambia mengi, na yote niliyasikiliza kwa hamu kwa sababu niliyangoja: kwamba amewafanya watu wajinga, kwamba anapimia watu njaa kwa kopo la mume wa mtu, kwamba yeye hakumkalisha karibu naye miaka yote hiyo ili aje kumfundisha ubahili. Jirani, mwanamke ambaye mdomo wake unaogopwa mpaka Fungurume, alikung'uta unga mikononi. Alipiga hatua moja pembeni.

Nyuma yake ilikuwa meza ya mama. Ilikuwa imesuguliwa mpaka mbao zimekuwa nyeupe, na juu yake hapakuwa na kitu. Hakuna aliyekuwa ameweka hata kitunguu pale.

Ndipo nikaelewa kwa nini alikuwa akipima kavu, na nikaona haya. Nikatazama kote, na kila mama aliyekuja kwetu kuazima alikuwa amesimama, mikono mitupu, akingoja. Hakuna aliyesema karibu. Hakuna aliyemwita. Mama alikuwa na meka kifuani, amekuja kwa miguu yake mwenyewe, na njia ya kurudi nyumbani ilikuwa wazi. Nilitaka kumshika mkono. Nilijizuia kwa shida.

Alizunguka meza polepole. Akaweka kiganja juu ya mbao.

"Mutoto wangu alikufa," akasema.

Wa nyuma hawakusikia. Akarudia kwa sauti, na mara hii sauti ilipasuka katikati, akalia. Alilia kwa kelele, kama ilivyotakiwa alie siku ile ya kaburi, na mama za soko wakalia naye huku wakileta: nyanya, sombe, chumvi, dagaa wa kapenta, pilipili, konzi juu ya konzi mpaka mbao hazikuonekana. Mimi sikuwa na cha kuleta. Nilikaa chini pale pale vumbini, nikalia kwa ajili ya mdogo wangu.

Baadaye, alipokwisha kunawa uso na kuuza vichache, mama alimtazama rafiki yake. Ungo wa samaki ulikuwa umejaa kama ulivyotoka nyumbani asubuhi. Watu walipita mbele yake wakigeuza uso.

"Balikuacha kununua," mama akasema.

"Baliacha."

"Uliharibu jina yako kwa ajili yangu."

Jirani alifukuza nzi juu ya ungo. "Jina inarudiaka," akasema. "Mutu, hapana."

Mama akasogeza nyanya na sombe pembeni, akauchukua ungo wa samaki, akauweka katikati ya meza yake, pale pa mbele kabisa. Katika maisha yake yote ya biashara hakuwahi kuita mteja. Alisema bunga nzuri inajiita yenyewe. Sasa alisimama wima, sauti bado imekwaruzwa na kilio, akaanza kuwaita waliokuwa wanapita.

"Kuyeni, samaki iko hapa. Ni ya ndugu yangu. Kuyeni."