Oili Nzito ya Harusi ya Shangazi

Je, gari likidondosha oili mbele ya wakwe? Swali hilo lilininyima usingizi kiangazi kizima nilipokuwa darasa la tatu, miaka ya sabini, na lilikuwa na harufu yake: harufu ya oili iliyoungua, iliyotoka chini ya gari la Baba na kuingia mpaka kwenye mashuka yetu pale Nsemulwa. Baba alinunua na kuuza asali na nta. Gari lake lilikuwa la mbio, kuukuu, jekundu, la viti viwili, limekaa chini mno kwa barabara za Mpanda. Alikuwa amelinunua kwa Mzungu mmoja wa mgodini aliyekuwa akifunga mizigo kuondoka. Kila liliposimama lilidondosha, hata Mama hakuwa na haja ya kumuuliza mumewe amepitia wapi. Alifuata matone.

Kiangazi hicho Shangazi Sesilia, mdogo wake Baba, alikuwa anaolewa Kibaoni. Alitaka afikishwe mlangoni mwa kanisa na kaka yake aliyemlea, katika gari lile lile. Lakini waumini walikuwa wametoka tu kumwaga saruji uani, mchanga wakiubeba kichwani, na katekista alikuwa ameshasema kwamba gari linalovuja halikanyagi pale. Wakwe nao walikuja kunywa chai, wakaliona dimbwi jeusi chini ya injini, wakacheka. "Sisi tutamleta bibi harusi na trekta letu," baba mkwe alisema. "Trekta limeshaacha kukojoa, ni kubwa." Shangazi alicheka nao kwa adabu, lakini alipoingia jikoni nilimwona ameuma mdomo.

Baba akaona dawa ni oili mpya. Akaipata dukani, nyembamba, inang'aa kama chai ya rangi, inayosifiwa kwamba inasafisha injini. Akamwaga ile nyeusi ya zamani na kuitia hiyo. Baada ya safari chache tu gari likaanza kuvuja hata mahali ambapo halikuwa likivuja. Mimi nilichuchumaa pembeni nikiwaza kila baya: saruji itachafuka, gauni litachafuka, harusi itaahirishwa, bwana harusi atabadili mawazo. Shangazi alikuja akasimama juu yetu, mikono kiunoni.

"Kaka, lindo la asali la zamani, lile pipa la gome la mti, wewe unaliosha kwa maji ya moto?"

"Nilioshe nina wazimu? Nta ndiyo imeziba nyufa."

"Na asali ya masika, ile majimaji, unaitia humo?"

"Itaishia chini yote." Baba alichungulia tena chini ya injini, kitambaa mkononi. Kisha akapiga paja. "Ala! Nimeliosha lindo!"

"Umelisugua, kaka yangu. Sasa tafuta asali ya kiangazi, ile nzito."

Walicheka mpaka Mama akatoka nje kuwatazama. Ule utandu mweusi uliokuwa umeziba nyufa za injini haukuweza kurudi, kwa hiyo Baba alikata gasketi mpya ya karatasi ngumu, akakaza bolti, akatia oili nzito kabisa, ile ya malori, ambayo ilishuka kwenye mdomo wa injini taratibu kama uji. Tulitandaza mchanga mweupe chini ya gari. Asubuhi ulikuwa na tone moja tu, dogo, na baada ya Baba kukaza tena, halikuonekana lingine. Nilimuuliza Shangazi itakuwaje tone likichelewa kuanguka, lisubiri mpaka kanisani. "Basi litaanguka nikiwa nimeshafika," alisema. "Naenda na gari hili. Trekta libebe ngoma."

Siku ya harusi gari lilipanda uani polepole na kusimama mbele ya mlango. Katekista, katika kanzu yake nyeupe, alipiga magoti kuchungulia chini yake. Kwaya, wakidhani sala imeanza, nao wakapiga magoti, na wakwe wakafuata. Saruji ilikuwa kavu. Katekista aliponyanyuka na kumfungulia Shangazi mlango, vigelegele vilipasuka hata honi ya Baba haikusikika. Baba mkwe mwenyewe alimshika Baba mkono akasema, "Mkwe, nyie mmetushinda."

Leo nina shahada, na Baba, ambaye macho yamemchoka, amenikabidhi gari hilo. Zamani hizo duka lilikuwa na oili za aina mbili, na bibi harusi aliamua kabla chai haijapoa. Sasa rafu imejaa makopo, marafiki zangu wa Dar wananiambia nyembamba ndiyo ya kisasa, vitabu vyangu vinasema inategemea, nami nimekaa wiki kadhaa nikipima joto, sili za mpira zilizokauka, ugumu wa kuwasha asubuhi ya baridi. Leo nimenunua ile nzito. Nimeitia, nimefunga kifuniko, nimewasha injini na kushika barabara ya Kibaoni.