Noti Isiyokuwamo kwenye Santuri

Katika ofisi ya baraza la usuluhishi palikuwa na mama mmoja aliyejulikana kwa jina la Mama Chapa, na ukimwuliza mtu jina lake la kuzaliwa, atakuna kichwa. Kazi yake hasa ilikuwa kusikiliza. Watu waligombana barazani, kanda zikazunguka, na kesho yake yeye alikaa na vipokea sauti masikioni, mguu juu ya pedali, akiyageuza magomvi kuwa maandishi. Akikanyaga pedali, kanda inasema. Akiinua mguu, inarudi nyuma kidogo na kumngoja, kama mtu mpole anayejua kwamba hukumsikia vizuri.

Na alikuwa na sheria moja ambayo hakufundishwa na mtu: andika kilichosemwa, si kilichopaswa kusemwa. Mwenyekiti akisema "eee, eee, yaani," basi alisomewa "eee, eee, yaani" yake mbele za watu. Siku moja akaja juu.

"Mama, hata kupenga kamasi umeniandikia?"

"Ulipenga, mheshimiwa."

"Nilipenga, ndiyo. Kulikuwa na haja?"

"Haja uliijua wewe, mheshimiwa. Mimi nilisikia tu."

Mumewe alikuwa karani wa stoo, na wenzake walipolewa pombe yeye alilewa jazi. Jumapili alasiri redio ilikuwa na saa moja ya muziki huo. Basi mzee aliweka kinasa sauti juu ya kigoda, mdomo kwa mdomo na redio, na nyumba nzima ikanyamaza. Watoto walitembea kwa ncha za vidole, na hata jogoo wa jirani, kama walivyosema wenyewe, alijifunza adabu. Jumamosi alimchukua mkewe hadi hoteli iliyo karibu na stesheni, ambako bendi ndogo ilipiga mpaka jua lilipozama. Siku zote walikaa meza ileile ya kando ya mlango wa jiko, penye joto na harufu ya vitunguu, kwa sababu ukiwa hapo unaiona mikono ya mpiga piano.

Mzee alipofariki, boksi la kanda lilibaki juu ya kabati. Mama Chapa hakuweza kuzisikiliza, wala hakuweza kumpa mtu. Alipangusa vumbi, akarudisha.

Piano ilikuwemo nyumbani kabla yao. Mpangaji wa zamani aliiacha si kwa ukarimu. Mwenye nyumba alikuwa ameongeza ukuta, na mnyama yule hakupita tena mlangoni. Kwa miaka ilikuwa meza ya kuwekea nguo zilizopigwa pasi. Mama Chapa alijua noti tangu kwaya ya shule, akajua kupiga nyimbo rahisi kwa mikono miwili, lakini jazi hakuwahi hata kuifikiria. Jazi ilikuwa ya mzee.

Kisha ofisi ikaleta mashine mpya, na ile ya pedali akaambiwa aende nayo akitaka. Akaenda nayo. Alipofika nyumbani akatafuta kitu cha kuijaribia, na kanda zilizokuwamo ndani ya nyumba ni zile tu. Akachomeka moja. Akakanyaga. Piano ikasema maneno mawili matatu. Akainua mguu. Ikarudi nyuma, ikamngoja.

Alikaa pale mguu ukiwa hewani. Muziki ambao maisha yake yote ulimpita kama gari la moshi lisilosimama kituo chake, sasa ulisimama kila alipotaka, na hata ukarudi nyuma ili abiria apande.

Akachagua solo moja ya polepole, ambayo mzee aliipenda kuliko zote, akaanza kuiandika kama alivyoandika mabaraza. Sauti ya chini kwanza, kisha ya juu, kisha zile za katikati zinazojificha kama watoto nyuma ya pazia. Anakanyaga, anasikia, anajaribu kwenye piano, hapana, anakanyaga tena. Noti alizichora nyuma ya karatasi zilizoharibika ofisini, hivyo ukigeuza ukurasa wa muziki ulikuta watu wawili wakigombea mpaka wa shamba. Pengine jioni nzima iliishia kwenye pumzi moja ya yule mpiga piano. Haba na haba, wanasema. Lakini haba ya jazi ni haba kweli.

Wifi yake, dada wa marehemu, alihamia pale kumpa kampani, naye ulimi wake haukuwa na likizo.

"Wifi, huyu mtu kwenye kanda ana kigugumizi? Tangu juzi anasema neno lilelile."

"Si yeye. Ni mimi sijamwelewa."

"Mimi nimemwelewa. Mwambie aendelee."

Siku nyingine alisimama mlangoni na beseni la nguo. "Wajane wenzako wanafuma vitambaa. Wewe unamng'oa mnyama meno."

"Namsafisha tu, wifi."

Solo ikaisha kuandikwa, nyingine ikafuata, na nyingine. Vidole vikajua njia bila kuangalia karatasi. Lakini kulikuwa na kitu kilichopungua. Aliipiga peke yake, chumbani, na peke yake ilikuwa kama nusu ya mazungumzo, maana kwenye kanda chini ya piano kulikuwa na besi na ngoma, ingawa redio yao ndogo ilizifanya zisikike kama watu wanaoongea nyumba ya tatu. Alitamani kuisikia nzima walau mara moja, akiwa ndani yake. Basi wifi aliporudi sokoni na habari kwamba mpiga piano wa ile hoteli amehamia kwa wanawe, Mama Chapa aliacha kumenya viazi.

"Nakitaka kile kiti," alisema.

Wifi alimtazama akitafuta utani wa kusema, akaukosa. "Basi tutaenda wote," akasema.

Bendi ilikuwa ya wazee watatu. Babu Besi, mrefu na mnyamavu kama chombo chake. Mpiga ngoma, aliyecheka kila kitu. Na mkubwa wao, mpiga saksafoni, aliyeitwa Mwalimu kwa sababu alifundisha hesabu mpaka akastaafu, na bado alimtazama kila mtu kana kwamba hajaleta kazi ya nyumbani.

Walimkumbuka marehemu wa meza ya kando ya jiko, wakamwita mkewe shemeji, wakamwonyesha piano. Mama Chapa akakaa, akapiga ile solo ya mzee. Babu Besi akajiunga taratibu, ngoma zikafuata, na mpiga ngoma akaacha kucheka, jambo lililowashangaza wote. Kisha wakafika mahali ambapo mpiga piano wa kwenye kanda hunyamaza kidogo. Hapo kidole chake kidogo cha kulia kikaruka mpaka mwisho kabisa wa piano, juu kule, kikagonga mara tatu: ti, ti, ti.

Mwalimu akainua mkono. Muziki ukakatika.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Kwenye kanda."

"Ninayo santuri ya wimbo huu, shemeji. Nimeisikiliza tangu nikiwa kijana. Hiyo noti haimo."

"Mimi huandika kilichomo."

"Haimo. Umepamba mwenyewe. Kupamba si dhambi, lakini hapa sote tunapiga kama ilivyo kwenye santuri, na mtu anayeongeza chake kisha akasema si chake, siwezi kukaa naye."

Mama Chapa aliwahi kuitwa mengi, lakini mwongo wa maandishi, bado. Maisha yote ya kazi hakuna aliyewahi kumwonyesha neno alilolitia mdomoni mwa mtu. Akasimama. "Kesho nakuja na kanda. Wewe njoo na santuri yako."

"Nikikuta haimo kwenye kanda?"

"Kiti nakuachia."

Usiku ule wifi hakumtania hata kidogo, na hilo lilimtisha zaidi.

Kesho yake wakaweka santuri. Wakasikiliza, na pale mahali pa kunyamaza, mpiga piano akanyamaza. Hakuna ti, ti, ti. Mwalimu akainua sindano ya santuri. Mama Chapa akachomeka mashine yake, akakanyaga pedali. Hapo, wazi kabisa juu ya sauti nyingine zote: ti, ti, ti.

Mwalimu akakunja uso. "Ni mtu yuleyule. Siku ileile. Inawezekanaje?"

"Rudisha," alisema Babu Besi. Ndilo neno lake la kwanza tangu jana.

Akainua mguu, akakanyaga. Babu Besi akafumba macho.

"Tena."

Akairudia.

"Hiyo si piano," alisema Babu Besi. "Hicho ni kijiko. Mtu amekoroga chai, amegonga kikombe."

Mpiga ngoma akaanza kucheka, kisha akamwona wifi, akaacha. Wifi alikuwa ameshika kiti kilichokuwa mbele yake.

"Ni kaka," alisema. "Mama yetu alimgombeza mpaka akachoka. Tone la mwisho lazima alirudishe kikombeni. Gonga, gonga, gonga. Mama akimwambia, wewe utanivunjia vyombo vyote."

Mama Chapa aliutoa mguu kwenye pedali. Kijiko kile alikisikia miaka yote ya ndoa, mpaka sikio lake likaacha kukihesabu kama sauti. Hata pale kwenye kanda hakukitambua. Alisikia noti, akaitafutia mahali pake kwenye piano, na akafanya mazoezi mpaka kidole kikazoea kuruka. Jioni ngapi alikuwa akimpiga mumewe bila kujua.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, ikawa bado ina ukungu. "Shemeji, hujaongeza kitu. Kiti ni chako. Na hicho kijiko..." Akatafuta maneno. "Tunaweza kukiacha. Kibaki humo. Nani atatuuliza?"

"Kibaki," alisema mpiga ngoma.

Mama Chapa akatikisa kichwa. "Jana nilikipiga vizuri kwa sababu sikukijua. Leo nimekijua. Nikikipiga tena nitakuwa naigiza, na yeye hakuigiza. Alikuwa anakunywa chai yake." Akatoa kanda kwenye mashine, akairudisha kwenye kasha lake. "Tupige kama ilivyo kwenye santuri."

Jumamosi ilipofika hoteli ilijaa kama kawaida, wengine wakisikiliza, wengine wakibishana kuhusu mpira. Wifi alikaa meza ya kando ya mlango wa jiko, akalalamika kuhusu joto, akakataa kuhamishwa. Mama Chapa alikaa kwenye kile kiti. Kilikuwa kifupi kuliko alivyodhani.

Wakaianza ile solo. Mambo yalikwenda, mikono ikajua njia, besi na ngoma zikambeba chini kwa chini kama maji ya mto yanavyobeba jani. Na alipokaribia mahali pale, mkono wa kulia ukataka kwenda juu peke yake, kama mtu aliyezoea kupinda kona ya nyumbani. Akauvuta, akauweka juu ya goti, akaushikilia kwa wa kushoto.

Piano ikanyamaza.

Na katika ule ukimya alisikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia. Besi ilikuwa ikipanda. Noti moja juu ya nyingine, taratibu, kama mtu anayepanda ngazi na taa mkononi, na zilikuwamo siku zote, kwenye santuri, kwenye kanda, chini ya kikombe cha chai. Redio ilikuwa ndogo mno, kijiko kilikuwa karibu mno, na siku ya santuri yeye aliisikiliza piano tu. Mumewe mwenyewe hakuwahi kuzisikia.

Alizisikiliza zote mpaka ya juu kabisa. Hapo Babu Besi alimgeukia, nyusi zimeinuka, akimngoja, na Mwalimu naye akageuka, maana zamu ya piano kuingia ilikuwa imepita. Mama Chapa aliinua mikono yote miwili, akaingia kwa kuchelewa.