Piga Magoti Kabla Mbwa Hajaingia

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, ni Jumamosi niliyokwenda bandarini kumpokea Hayawahusu, mbwa wa baba yangu. Ngoja nikusimulie kabla hujaondoka. Tangu uliposema umepewa mbwa na kesho unahamia naye nyumba mpya, sijatulia. Nimenyanyuka kwenye hiki kiti mara tatu, na chai yangu imepoa.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeajiriwa kiwanda cha samaki, nimepanga chumba na sebule Nyakato. Baba alikuwa Nansio, kisiwani Ukerewe, analima mihogo na machungwa. Aliposikia naishi peke yangu mjini akakosa raha, akaamua kunipa mbwa wake. Hakuwa mbwa wa ziada. Ni yule aliyekwenda naye shambani kila asubuhi. Alimpa jina la Hayawahusu kwa ajili ya majirani wapenda maswali, na baba alifurahi sana kumwita kwa sauti wakipita.

Sasa, chumba changu kilikuwa na panya wakubwa, wasio na aibu. Siku tatu kabla ya mbwa kuja nilifanya wanavyofanya watu wa ziwa hili: nikanunua sumu, nikaichanganya na dagaa, nikaiweka kidogo kidogo juu ya vipande vya boksi, nikavisukuma kwenye pembe. Panya wa kwetu haangalii unga kama kuna dagaa. Jumamosi asubuhi nikaviokota, nikavichoma pamoja na pakiti ya sumu, nikadeki, nikanawa mikono mara mbili. Nilijiona mtu makini kweli. Wakati wa kuviweka, lakini, sikuvihesabu. Na mbwa wa Ukerewe, mwanangu, amekuzwa kwa dagaa.

Baba alimleta mwenyewe kwa meli, akanikabidhi kamba.

"Huyu hajui mlango wako wala jirani zako," aliniambia. "Mwangalie, mama."

Akarudi na meli ile ile. Mimi nikaondoka na mbwa, na njia nzima aligeuka kutazama ziwa.

Jumapili asubuhi nikamfungua azoee nyumba, nikaenda bombani kuchota maji. Niliporudi nilimkuta nyuma ya gunia la mkaa, na mbele yake kipande cha boksi kimelambwa hadi kimekuwa safi. Ndoo ilinidondoka. Nikakimbilia maziwa, kama tulivyofundishwa na mama zetu, nikaanza kummiminia mdomoni kwa nguvu. Jirani yangu Mzee Rwegasira, bwana mifugo mstaafu kutoka Kagera, akaingia aliposikia kelele.

"Acha maziwa, binti. Yatampalia. Pakiti ya sumu iko wapi?"

"Nimeichoma, mzee."

Alimbeba mbwa mwenyewe, mzee wa umri ule, tukaenda mchakamchaka hadi nyumbani kwa daktari wa mifugo aliyemfahamu. Daktari naye swali lake la kwanza likawa lile lile, sumu gani. Nikaeleza rangi yake, nikabadilisha, nikasema labda ilikuwa ya kijani. Akajaribu alichoweza, huku akisema anatibu kitu asichokijua. Hayawahusu alikufa kabla ya saa sita mchana, kichwa kikiwa mapajani mwangu.

Tulipomaliza kumzika, Mzee Rwegasira alijifuta udongo mikononi akaniuliza kama niliikagua nyumba kabla mbwa hajaingia. Nikamwambia niliikagua kila mahali.

"Ulipiga magoti?"

Nikamwambia nilitazama nikiwa nimesimama.

"Basi uliikagua kwa ajili ya wageni," akasema. "Mgeni anatazama ukuta na pazia. Mbwa anaishi huku chini."

Niliona ananionea. Nilikuwa na uchungu wangu, na nilijiambia kwamba kipande kilichosahaulika ni kile kimoja, kimeshafanya kazi yake, yamekwisha. Wiki ile nzima sikupata raha. Naamka, nafagia, nakaa, nasimama. Mama Neema wa chumba cha pili aliniona hivyo akawa ananiletea binti yake kila jioni, katoto kanakotambaa, kanichangamshe. Kakawa kanazunguka sakafuni kwangu, nami nakatazama tu.

Jumamosi iliyofuata baba alikuja kumsalimia mbwa wake. Nikampa shikamoo, na kabla hajaitikia nikaanza kulia, nikamweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni. Akaniuliza swali moja tu.

"Alikufa akiwa peke yake?"

"Hapana, baba. Nilikuwa nimemshika."

Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akavua kofia, akapiga magoti sebuleni, akaanza kupapasa sakafu kando ya ukuta, taratibu, kama anayetafuta sindano. Nilidhani ni huzuni. Alipofika kwenye kabati la vyombo akaingiza mkono chini yake hadi begani, akautoa na kipande cha boksi. Dagaa walikuwa bado juu yake, wakavu, wote.

Nilikaa chini pale pale. Jioni ya jana yake Neema alikuwa amelala kifudifudi mbele ya kabati lile, ameingiza mkono, anacheka.

Baba hakunigombeza, na hadi leo natamani angenigombeza.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Kesho, kabla ya mbwa, ingia wewe. Piga magoti, tambaa nyumba nzima, ingiza mkono kila palipo na uwazi, hata ukichafua nguo. Uliza waliohama kabla yako waliweka nini na wapi. Sumu achana nayo kabisa. Na kama aliyetangulia aliweka, tafuta pakiti yake uitunze, daktari ataihitaji. Siku za kwanza usimwache mbwa peke yake hata kwa ndoo moja ya maji. Na usiseme umemaliza kwa sababu umechoka kutafuta, kama nilivyosema mimi.

Nenda sasa, giza lisikukute njiani. Mungu akupe nyumba yenye amani, na kila atakayeikanyaga sakafu yako, wa miguu miwili au minne, na yule anayetambaa bado, asikute humo cha kumdhuru. Amina.