Mamba wa Saa Kumi

Bina Luyando alilisha mamba kwa miaka kumi na mmoja kwenye shamba moja la kufugia mamba, huko Binga, ukingoni mwa ziwa Kariba. Mkono wake wa kushoto ulijaa alama za meno madogo. Alizipata katika chumba cha mayai, akiwasaidia mamba wachanga kutoka kwenye maganda. Mtoto hajamwona mama yake, kitovu bado kibichi, tayari anageuza shingo na kuuma kidole.

"Hawa hawafundishwi kuuma," aliwaambia wafanyakazi wapya. "Wanazaliwa nako."

Kitu kimoja tu walifundishwa, na mwalimu alikuwa yeye. Kila siku saa kumi jioni alisimama juu ya ukuta wa bwawa, akagonga ndoo ya bati mara tatu kwa mpini wa kisu, kisha akamwaga nyama. Mwezi wa kwanza hawakujali. Wa pili wakaanza kugeuza vichwa. Mwishowe alikuwa akigonga tu, bwawa zima linachemka. Alijivunia sana jambo hilo.

Mvua za Februari ziliangusha ukuta. Msimamizi, Mudenda, alisema wametoroka mamba wanne, tena wadogo.

Wiki tatu baadaye Chabota, wifi yake Bina Luyando, alimkuta jikoni akisonga ugali.

"Wifi, leo nimeona kioja. Nimesugua ndoo yangu kwa mchanga kule ziwani, nikaigongesha kwenye jiwe. Mamba akaibuka hapo mbele, karibu kama huo mlango. Hajifichi. Ananitazama tu, mdomo wazi, kama ananidai chakula."

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Jua limeanza kushuka. Kwani mamba naye ana saa?"

Bina Luyando aliacha kusonga. Mamba aliyekulia ziwani akimwona mtu huzama, akamvizia. Anayeitikia mlio wa bati kichwa juu ni wa kwake, wa bwawani.

Asubuhi alimwendea Mudenda.

"Mama, mamba si mwanafunzi," Mudenda alicheka. "Waambie wanawake wakachote upande mwingine."

Ijumaa, Muchimba, jirani yao aliyekuwa akisuka vikapu, hakurudi kutoka ziwani. Walikuta kanga yake imetanda majini na ndoo imebonyea ubavu mmoja. Bina Luyando aliichukua ile ndoo. Kisha akaenda kwa askari wa wanyamapori.

"Nimpige yupi, mama?" askari aliuliza. "Ziwa limejaa mamba."

"Wewe njoo na bunduki. Nitawaita mwenyewe."

Saa kumi alisimama juu ya mwamba ziwani, akagonga ndoo mara tatu. Maji yalitulia. Kichwa kimoja kikatokea mbali. Kingine kando ya matete. Vikaendelea kutokea, taratibu, bila kelele, vikajipanga mbele yake vinywa wazi kama enzi zile za bwawani. Alihesabu tisa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mdogo.

Askari alinong'ona, "Uliniambia wanne."

"Mudenda ndiye aliyesema wanne. Piga."

Alipiga wawili. Saba wakazama kwa pamoja, na maji yakawafunika.

Kesho yake aligonga tena, hakuja hata mmoja. Keshokutwa yake vilevile. Askari alifurahi, akasema wamekimbia. Bina Luyando alitazama maji yale yaliyotulia. Mamba walikuwa wamejifunza somo la pili, kwamba mlio wa bati huleta risasi, na hili limewarudisha kwenye yale waliyozaliwa nayo: kuzama na kuvizia.

Aliacha kazi mwezi huo huo. Siku hizi anachota maji kwenye pampu ya kijiji cha pili, mwendo wa saa moja na nusu, na Chabota humfuata akinung'unika. Wanawake wengine hupishana nao wakiteremka ziwani, maana ni karibu.

"Bina Luyando, utajichosha bure," walimwambia juzi. "Wale mamba wako wamehama. Hatujaona hata mmoja."

"Ndiyo," aliwajibu. "Hamtawaona."