Paa la Kaka kwa Mama Mkwe

Jino langu liling'olewa kule kijijini Sigalame nikiwa darasa la tatu, na shule ikaishia hapo. Mdomo ulivimba muhula karibu wote, baba akaona afadhali nichunge ng'ombe, kazi isiyohitaji kuongea. Aliyeling'oa alikuwa fundi wa mabati. Koleo lake lilikuwa moja tu, la misumari na la meno. Mkono wake ulikuwa mwepesi, hilo siwezi kumnyima. Lakini misumari aliihurumia kama watoto wake. Alikuwa akisema bati likipigwa misumari mingi linageuka chujio.

Basi Uhuru ukaja, na kaka yangu mkubwa akajenga nyumba Malaba, karibu na reli. Alitaka kulaza kwa malipo madereva wa malori na mataniboi, wale utingo wao. Riziki yake yote aliitia kwenye ile nyumba. Na wa kuezeka akamwita nani? Fundi wa jino langu.

Nyumba haikumaliza hata masika moja. Jioni moja upepo ulitoka upande wa Uganda, na radi, na mvua ya mawe, na paa likaondoka. Kulipokucha tukatoka kukagua hasara, kaka, mke wake na mimi. Migomba ilikuwa imelala chini yote. Kanisa lilipoteza mlango. Kilabu cha pombe ya busaa hakikupoteza hata mtungi. Mimi sisemi kitu.

Bati moja tulilikuta limejiviringisha kwenye mti kama shuka. Mengine yote, na mbao zake, yalikuwa yamevuka kijito na kutua juu ya nyumba ya mama mkwe wa kaka. Upepo ulikuwa umemnyang'anya nyasi zake kwanza, kisha ukamwekea mabati. Yalikaa sawa kabisa, kama yamepimwa.

Sasa, kwetu mwanaume haingii anapolala mama mkwe wake, sembuse kupanda juu na kumfunua kitanda. Hata mimi, mdogo wake, nahesabiwa mkwe vilevile. Tukasimama nje ya ua, nyuso tumezigeuzia barabarani.

"Mkwe wangu yuko hapo?" mama mkwe aliuliza kutoka ndani.

"Yuko, mama," mke wa kaka akajibu.

"Mwambie Mungu ambariki. Wenzangu wakwe zao huleta sukari. Wangu ameleta nyumba!"

Majirani wakapiga vigelegele. Kaka akaninong'oneza, "Waambie ni upepo."

"Waambie wewe. Si paa ni lako?"

Akamgeukia mke wake. "Mama watoto, ingia uongee naye. Madereva nitawalaza wapi?"

"Ai, mzee! Nimvue mama yangu paa watu wakitazama? Na mvua ile inarudi."

"Na sisi je, tutalala wapi?"

"Mimi nitalala hapa. Hapa ni pakavu."

Akaingia ndani. Mama mkwe akapaza sauti tena: "Mwambieni upande wa jikoni bado uko wazi! Lakini asiharakishe, hata kesho ni sawa!"

Kaka alifunga vifungo vya koti, mpaka kile cha shingoni. Nilidhani anaenda kuangalia kuta zake. Alizipita bila kugeuza kichwa, akaishika reli kuelekea Tororo, ng'ambo ya mpaka, Uganda.

Hakurudi tena.