Siku Nilipomtengenezea Mjomba Spika

Kuna watu pale Rudewa mpaka leo wakiniona wanakunja mkono kama wanavuta mafuta ya pikipiki, na mimi nawasalimia vizuri tu, maana aibu ile nimeshaizoea. Ila naomba ieleweke kwamba mimi ni fundi mzuri. Mikumi redio ikigoma inaletwa kwangu, na nyingi zinaondoka zikiimba (zile nyingine zilikuwa zimeshakufa kabla hazijafika).

Sasa, mchumba wangu Neema alikuwa anafanyiwa sendofu, sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi, kwao Rudewa, na kwao neno la mjomba ndilo linalomtoa binti, baba anakaa anasikiliza. Mjomba mwenyewe alishasema kwamba ufundi redio si kazi, ni mchezo wa waya. Kwa hiyo niliposikia spika yake ya magurudumu, atakayosemea siku hiyo, haiingizi chaji, nikasema hapa hapa ndipo atakaponijua. Nikaiomba, nikaifungua, nikakuta sehemu ya kuchajia imeungua, nikabadilisha kilichoungua, nikachomeka umeme, muda si mrefu taa ya kijani ikawaka. Kijani maana yake imejaa. Nilikuwa nawahi kwa kinyozi, basi nikafunga skrubu bila kupima betri.

Siku yenyewe nimekaa meza ya mbele na suti, mpambe wangu Shabani pembeni (bwana harusi akiwa ukweni hainuki mpaka ainuliwe, hilo nililijua vizuri kabisa), mjomba akashika maiki, akasema, "Ndugu zangu, leo tumekutana hapa," spika ikakata. Watu wote wakanitazama, maana nilikuwa nimeshamtangazia kila mtu nani kaitengeneza.

Nikainuka.

"Kaka, kaa," Shabani akaninong'oneza.

Sikukaa. Nikafungua kifuniko mbele ya wakwe, nikaona waya wa kupeleka chaji kwenye betri unaning'inia, nilisahau kuuchomea risasi ya kuungia. Ile taa ilikuwa kijani kwa sababu chaji haikuwa na betri ya kujaza. Mwenye akili angeomba radhi. Mimi, kwa kuwa pale hapakuwa na umeme wa kuchomeka, nikasukuma pikipiki ya Shabani mpaka katikati ya turubai, nikaunganisha spika kwenye betri yake, na kwa kuwa nayo ilikuwa imechoka, ikabidi niwashe injini na kuvuta mafuta ndipo sauti itoke.

Sauti ilitoka, tena safi, ila injini iliimeza. Mjomba, mtu mstaarabu, akawa ananyamaza kusubiri kelele zipungue, mimi nikipunguza mafuta spika inazima, akianza kusema navuta tena, ananyamaza tena, na moshi wote unaelekea meza ya mashangazi, ambao walishafunika pilau kwa khanga. Na mimi bado nilikuwa najiambia mambo yanaenda vizuri.

Mwisho mjomba akaweka maiki mezani, akaja akazima ufunguo mwenyewe. Kwa kuchanganyikiwa nikamwambia shikamoo. Hakuitikia. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, nikaona mke anakwenda.

"Mnanisikia?" akawauliza watu bila maiki. Wakasema wanamsikia. "Nilikuja kusema kijana huyu ametulia. Hilo naliacha. Neema mwanangu, nikutoe uolewe na huyu, au nisikutoe?"

Neema alinitazama, suti yangu ina grisi mpaka kwenye tai.

"Nitoe, mjomba," akasema. "Ila spika ya harusini tukodi."

Turubai zima likaangua kicheko. Mjomba naye alicheka mpaka akafuta macho, kisha akanigeukia na kusema, "Marahaba."

Harusini tulikodi. Katikati ya shughuli ile spika ya kukodi ikaanza kukoroma, na vichwa vyote vikanigeukia, cha mjomba kikiwa cha kwanza. Nilijua kabisa imeharibika nini na ingenichukua muda mfupi sana kuirekebisha. Nikaangalia viatu vyangu. Sikuinuka, na ukweni sitainuka tena bila kuinuliwa, hata kama nyumba inaungua.